Mwenzake ana baba mwenye hadiwea, wangu ana mama mkulima wa viazi

Washauri wapendwa, salamu nyingi kutoka Umalila.

Mimi ni mama wa watoto wanne. Tunalima viazi na mahindi, na pareto kidogo. Mtoto wangu wa pili ana miaka 22. Alisoma umeme wa majumbani kwenye chuo cha ufundi Mbeya mjini, akamaliza Desemba na cheti cha NVA daraja la pili. Ada tulilipa kwa shida, msimu mmoja tuliuza viazi vikiwa bado ardhini. Lakini alisoma, walimu wake wenyewe walimsifu.

Sasa ni Juni. Tangu amalize amepata vibarua vitatu. Viwili vilikuwa vya kubeba ngazi na kutindua ukuta, cha tatu hakulipwa. Anaishi Ilomba, chumba cha elfu thelathini kwa mwezi, wanachangia na mwenzake, na kila mwezi anapiga simu kuhusu kodi. Anatembeza barua za maombi kwenye makampuni, anaambiwa "tutakupigia".

Kinachoniuma ni hiki. Walikuwa darasa moja na rafiki yake ambaye maksi zake zilikuwa chini ya za wangu. Baba wa yule kijana ana hadiwea Mwanjelwa. Kufika Februari alikuwa tayari anafunga umeme kwenye nyumba za watu kule Isyesye na Iwambi, na sasa ana pikipiki. Wangu ananiambia, "Mama, bila koneksheni cheti ni karatasi."

Wiki iliyopita tulielekezwa kwa mtu mmoja Mbalizi. Anasema anaweza kumwingiza kijana kwenye shirika moja kubwa. Anataka laki sita, nusu sasa, nusu akishaitwa. Sisi tuna mtamba mmoja, ana mimba. Mume wangu anasema tusitoe hata shilingi, kijana arudi nyumbani alime, na kama ni umeme aufunge huku huku maana nguzo zimeshafika. Mimi naona akirudi ndiyo basi tena. Shemeji yangu naye anasema hela hiyo nimnunulie vifaa vyote vya kazi, ajitegemee.

Tena nina binti anayemaliza kidato cha nne mwaka huu, naye anataka ufundi. Baba yake anasema harudii kosa.

Naomba mniambie bila kunificha: mtoto wa mkulima asiye na ndugu mjini anaingiaje kazini? Na mtamba niuze au nisiuze?

Mama wa Umalila

*

Shikamoo mama.

Tuanze na la haraka, kwa sababu huenda unadaiwa jibu wiki hii. Huyo mtu wa Mbalizi usimpe kitu. Nafasi za kazi kwenye mashirika ya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mwombaji hujisajili mwenyewe kwenye mtandao wa Ajira Portal bila kulipia chochote, kisha hushindana kwenye usaili. Hata mawakala binafsi wa ajira hawaruhusiwi kumtoza mtafuta kazi. Mpango huu wa nusu sasa na nusu baadaye umetengenezwa kwa ajili ya ile nusu ya kwanza, ile ya pili hataihitaji. Na jua kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa pamoja na anayepokea. Ndiyo maana waliotapeliwa kwa njia hii wengi hukaa kimya, na watu wa aina hiyo wanautegemea ukimya huo. Akikusumbua, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113.

Sasa tuje kwenye lile linalokuuma. Umeuliza kwa nini aliyeshindwa darasani ametangulia kazini. Hilo tunataka tulifungue vizuri, maana ukiliona lilivyo utajua shilingi yako uiweke wapi.

Yule kijana alipata kwa baba yake mambo kadhaa ambayo hakuna aliyeyaita msaada. La kwanza ni wateja. Anayejenga akija kununua saruji na bati huuliza palepale dukani kama kuna fundi umeme wa kuaminika. La pili ni jina. Mwenye nyumba akiharibiwa kazi anajua pa kwenda kulalamika, duka halihami. Mteja hamkabidhi kijana wa miaka 22 nyumba yake kwa sababu ya cheti. Anamkabidhi kwa sababu kuna mtu mzima nyuma yake. La tatu ni kulala na kula. Hata kama alianza kwa posho ya nauli tu, hakuwa na mwenye nyumba wa kumdai. La nne, alikulia dukani. Anajua roli la waya lina mita ngapi, anajua bei, anajua namna mteja anavyobembeleza apunguziwe. Chuo kinafundisha kufunga, ila kukadiria na kuelewana bei kinagusia tu. La tano, na hili wazazi wengi hawalioni, nyumbani kwao hakuna aliyemwambia "tuma kitu".

Wako alitoka chuo na cheti peke yake. Hakuzembea, mama. Alianzia mbali zaidi, na miezi mingine atabaki nyuma ya mwenzake hata akifanya kila tunachokueleza hapa. Lakini katika hayo matano, manne yanaweza kupatikana kwa njia nyingine, na baadhi yako mikononi mwako wewe, si mwake.

Yeye anatembeza barua kwenye makampuni. Hiyo njia haimpeleki mbali, kwa sababu kazi za umeme wa majumbani hazitolewi huko. Zinatolewa na wakandarasi wadogo wa umeme. Kisheria anayefunga umeme kwenye jengo la mtu anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na mteja anapoomba kuunganishiwa umeme TANESCO anatakiwa kuonyesha kwamba nyaya zimetandazwa na mwenye leseni, ambaye hugonga muhuri wake. Kijana asiye na leseni akijipatia nyumba mwenyewe, mwisho wa kazi anaanza kutafuta wa kumgongea, na huyo anakata sehemu nzuri ya malipo. Au mbaya zaidi, muhuri unagongwa na mtu ambaye hajaiona nyumba. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza sasa ni kumpata fundi mkuu mmoja mwenye leseni na kukaa chini yake kwa muda unaojulikana. Yule mwenzake alipata fundi wa aina hiyo kupitia kaunta ya baba yake.

Wako atampataje? Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwauliza watu wa mji mmoja jirani na Boston jinsi walivyopata kazi zao. Kati ya waliozipata kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Wale walikuwa wasomi wa ofisini huko Marekani, si mafundi wa Mbeya, lakini sababu aliyoitoa inaeleweka hata Umalila: ndugu wa karibu anajua yaleyale unayoyajua, wakati mtu wa mbali anajua kazi ambazo hujawahi kuzisikia. Umeandika kwamba hamna ndugu mjini. Sawa. Lakini mnunuzi wa viazi anayekuja shambani kwenu kila msimu amejenga wapi? Dereva wa fuso lake anapanga kwa nani? Mwalimu mkuu aliyestaafu akahamia Mbalizi nyumba yake alifungiwa umeme na nani? Bwana shamba, mchungaji, katibu wa chama chenu cha ushirika, wote hao wanakufahamu wewe na mumeo miaka mingi. Mwanao hawamjui vizuri, alipokuwa shuleni walikuwa wanafanya biashara na ninyi.

Waombe kitu kidogo na mahususi. Ukisema "mnisaidie mwanangu kazi" watasema watakuangalizia, mambo yaishie hapo. Sema hivi: "Unamfahamu fundi umeme mwenye muhuri, Mbalizi au Mbeya mjini, anayehitaji saidia fundi aliyesomea?" Mtu akikupa jina na namba, omba yeye mwenyewe apige kwanza. Majina matatu yanatosha kuanzia. Kijana naye, kwa upande wake, apite kwenye hadiwea za Uyole, Sae na Mbalizi, si kuomba kazi dukani, bali kuuliza ni mafundi gani wa umeme wanaochukua vifaa pale mara nyingi. Muuza duka anawajua wote, na anajua nani analipa madeni yake na nani anayakimbia.

Fundi akipatikana, nenda naye siku ya kwanza. Wewe au baba yake. Vijana huona aibu kupelekwa na mzazi, ila kwa fundi mtu mzima jambo hili lina uzito. Kijana aliyekabidhiwa na mzazi wake, akiwa na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji, ana watu wa kuulizwa akikosea. Hilo ndilo jina ambalo yule wa Mwanjelwa alilipata bure dukani.

Siku hiyohiyo kubalianeni mambo manne na muyaandike kwenye ukurasa mmoja, kila upande ubaki na nakala. Atakaa muda gani. Tunapendekeza miezi sita. Atalipwa nini, mwanzoni iwe nauli na chakula cha mchana kila siku ya kazi, kisha kuanzia mwezi wa tatu kiasi fulani kwa kila nyumba. Akipigwa na umeme au akianguka kwenye ngazi, nani analipia hospitali. Na la nne, ndilo linalosahaulika, atafundishwa nini na lini. Kinachowaharibu vijana wengi hapa ni kukaa mwaka mzima wakitindua kuta na kubeba ngazi, kwa sababu fundi ameshapata mtu wa bei nafuu wa kutindua na hana haraka ya kumpandisha. Mwezi wa kwanza atindue na kulaza mabomba. Mwezi wa pili avute nyaya na kufunga swichi na soketi. Kufika mwezi wa tatu awe anaunganisha bodi ya sakiti breka huku fundi akimsimamia. Miezi minne ikipita bado hajagusa bodi, mzazi uende ukaulize kwa adabu, na kama hakuna jibu la kueleweka atafute fundi mwingine.

Kila nyumba anayofanya aiandike kwenye kaunta buku: tarehe, mtaa, idadi ya vyumba na pointi (sehemu za taa, swichi na soketi), saizi za nyaya, kazi aliyoifanya yeye mwenyewe, kisha fundi atie saini na namba ya simu. Apige na picha ya bodi kabla haijafunikwa. Anapokuja kuomba leseni yake ya EWURA, uzoefu unaangaliwa pamoja na cheti, na asiyeweka kumbukumbu huhangaika kuuthibitisha. Hapo kuna jambo la nyaraka tunaomba ulishughulikie mapema. Lingamisheni majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha NVA na kitambulisho cha NIDA. Familia nyingi za vijijini mtoto aliandikishwa shule kwa jina la babu, halafu NIDA kwa jina la baba. Yanapotofautiana, maombi yanakwama. Kurekebisha kwa hati ya kiapo au hati ya kubadili jina kunachukua muda, kwa hiyo msisubiri siku ya kuitwa.

Tuje kwenye fedha. Mtamba mwenye mimba asiuzwe kabisa kama kuna gunia la viazi la kuuza. Kazi ya hiyo fedha kwanza ni kumnunulia muda, vifaa vinafuata. Shemeji yako ana nia njema, ila vifaa vyote kwa kijana asiye na wateja wala fundi mkuu huishia kuuzwa kimoja kimoja mwezi wa kodi ukifika. Nusu ya chumba ni elfu kumi na tano kwa mwezi, miezi sita ni elfu tisini. Unga, maharage na viazi vitoke nyumbani kwa gari la mnunuzi wenu. Kumtumia gunia kuna nafuu kuliko kumtumia hela ya kununua chakula Ilomba. Hapo umempa kitu ambacho mwenzake alikuwa nacho: anaweza kufanya kazi ya kujifunza bila kukimbilia kibarua cha kupakia mizigo kila mwisho wa mwezi.

Vifaa anunue vichache, vizuri: plaizi na kikatio vyenye mipini iliyofunikwa kwa ajili ya umeme, bisibisi bapa na ya nyota, testa, kisu cha kumenyea nyaya, tepu ya mita 5, pima maji ndogo, msumeno wa chuma, nyundo na tindo mbili, springi ya kupindia bomba la milimita 20, waya wa kuvutia nyaya ndani ya bomba, na multimita ya kawaida. Multimita asiiache. Testa peke yake inaweza kuwaka kwa umeme hafifu unaorukia kutoka waya wa jirani, na haimwonyeshi kwamba nyutro imekatika. Drili ya kutoboa zege, ngazi ndefu na mega ya kupimia uvujaji wa umeme kwenye nyaya ni vya fundi mkuu kwa sasa. Drili ndiyo vijana hukimbilia kununua kwanza kwa sababu inawapa sura ya ufundi, wakati nyumba nyingi za matofali zinamalizwa kwa nyundo na tindo.

Sasa jambo ambalo tunaona limewafukuzisha kazi vijana wengi wenye ujuzi kuliko hata ukosefu wa koneksheni: hela ya vifaa ya mteja. Kijana anapewa laki tatu akanunue nyaya. Jioni hiyo mwenye nyumba anadai kodi, nyumbani wamepiga simu mdogo wake anaumwa. Anachukua elfu hamsini akijiambia atairudisha kwenye malipo ya ufundi. Malipo yanachelewa, waya unapungua, kazi inasimama, mteja anatangaza mtaa mzima kwamba yule kijana ni mwizi. Mwenye baba wa duka akipungukiwa hukopa roli la waya kwa baba. Wako hana pa kukopa, kwa hiyo kosa hilohilo moja kwake ni mwisho wa njia. Dawa yake ni kutogusa kabisa fedha ya vifaa. Aandike orodha kwa saizi na idadi, mteja anunue mwenyewe au alipe dukani moja kwa moja, risiti ibaki kwa mteja. Ya ufundi aidai kwa hatua: asilimia 40 mabomba yakishalazwa, 30 nyaya zikishavutwa, 30 baada ya kufunga vifaa na kupima. Asiombe yote mwanzoni hata kama mteja yuko tayari.

Orodha yenyewe ndiyo itakayomtambulisha. Mteja akiona imeandikwa kwa akili, anamwamini. Taa, waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampea 10. Soketi, waya wa 2.5 na breka ya ampea 20. Na kwa mikoa yetu ya baridi kuna mtego wake, bafu la umeme, yaani kile kifaa cha kupasha maji ya kuoga. Kifaa cha wati 5,500 kwenye volti 230 kinavuta karibu ampea 24 kila kinapowashwa. Fundi asiyekadiria huunga bafu kwenye soketi za chumbani, kwenye waya wa 2.5, nyumba nzima ikiamka saa kumi na mbili asubuhi ya Julai waya unachemka ndani ya ukuta. Bafu lipate laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita 6, breka ya ampea 32, ethi ya uhakika (waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja), na kinga ya uvujaji ya miliampea 30. Kijana atakayemweleza hivyo mwenye nyumba wa Iwambi kabla ya kuulizwa, hatakumbukwa kwa kuwa mtoto wa nani.

Kuna mambo mawili ya nyumbani tunakuomba mama, na uyafikishe kwa baba pia, kwa heshima.

La kwanza ni simu za kumwomba hela. Kaeni kikao mkubaliane kwamba kwa miezi sita kijana hatumi kitu, hata kama mna haki ya kutumiwa, na mnayo. Baada ya hapo atume kiasi cha kudumu kwa tarehe moja ya mwezi. Ombi la ghafla la kila wiki ndilo linalomsogeza kwenye ile hela ya vifaa.

La pili ni msimu. Tunajua Juni mpaka Agosti mahindi yanahitaji mikono. Lakini hiyohiyo ndiyo miezi ambayo mvua zimekata, watu wameuza mazao, na ujenzi unapamba moto mpaka Novemba. Ukimwita avune wiki tatu za Julai, fundi mkuu anachukua mwingine na nafasi haimsubiri. Lipeni kibarua wa kuvuna, hata kama inauma. Aje Desemba wakati wa kupanda, mvua zikiwa zimesimamisha nyumba nyingi.

Hapo tunarudi kwa mzee, kwa sababu katika barua yako anaonekana kama anayekwamisha, na sisi tunaona ameona jambo ambalo ninyi wengine hamjaliona. Nguzo zimefika kijijini. Gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, kwa hiyo kinachomchelewesha mwanakijiji mara nyingi ni gharama ya kutandaza nyaya ndani. Kuna nyumba za chumba kimoja au viwili ambazo zinaweza kutumia kile kifaa cha Umeme Tayari, UMETA, bila nyaya nyingi, na kuna nyingine zinahitaji kazi kamili. Mwanao anaijua lugha, anaijua milango, na kwenu hana kodi ya kulipa. Yule wa Mwanjelwa hana soko hili. Alichokosea mzee ni mpangilio tu. Akirudi sasa, bila leseni na bila fundi wa kumgongea muhuri, atafunga nyumba tano halafu zikae gizani zikisubiri, na lawama iwe ya familia nzima kijijini. Amalize miezi sita kwa fundi mkuu, kisha wakubaliane kwamba nyumba za Umalila anazileta yeye, fundi anazikagua na kugonga muhuri wake, na mgawo unajulikana mapema. Anaweza kuja kwa makundi, nyumba nne au tano kwa safari moja, mteja akiwa ameshanunua vifaa Mbalizi kwa orodha aliyomwandikia. Mwambie mzee hivyo, na mwambie akusanye majina ya wanaotaka kuanzia sasa. Atakuwa ndiye mwenye duka.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa vijana, iangalieni baadaye, atakapokuwa na wenzake wa kuunda nao kikundi na kazi za kuonyesha kwenye kaunta buku. Kikundi cha mafundi waliokutana kwa ajili ya mkopo tu huvunjika siku ya marejesho ya kwanza.

Kuhusu binti. Kosa halikuwa ufundi, kwa hiyo hakuna cha kutorudia. Ila kwake tangulizeni maswali ambayo kwa kaka yake yalikuja mwishoni. Kabla ya kulipa ada, mwende chuoni mkaulize wanafunzi wa fani hiyo hupelekwa wapi kwa mafunzo ya vitendo, na nani anatafuta hiyo nafasi. Chuo kikikuambia kila mwanafunzi ajitafutie, jueni nafasi nzuri zitachukuliwa na wenye wajomba makampuni, na anzeni kumtafutia yeye miezi mitatu kabla. Ulizeni kama kuna bweni, kwa sababu msichana wa kupanga chumba peke yake mtaani ana gharama na hatari ambazo kaka yake hakuwa nazo, na mabinti wengi huacha chuo kwa ajili ya hilo, si kwa ugumu wa masomo. Na kipindi hicho kaka yake akiwa na fundi wake Mbeya, binti atakuwa na ndugu mjini.

Wasalaam,
Washauri wa safu hii